Kadi ya bima ninayo, lakini nikisema "chekapu" naulizwa naumwa nini

Shangazi Nesi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 39, nauza mitumba Mwanjelwa hapa Mbeya. Mume wangu ana miaka 47, ni mwalimu wa shule ya msingi, mshahara wake ni kama laki tisa, na wote watano tuna kadi za NHIF kupitia ajira yake.

Mwezi wa pili kaka yake mkubwa, mwenye miaka 52, alianguka akichuma chai shambani kwake Tukuyu. Upande wa kulia ukafa, mdomo ukapinda. Ndugu wakapoteza siku mbili wakibishana ni nani kamtupia kitu. Alipofikishwa hospitali presha ilikuwa 210 kwa 120. Shangazi, mtu huyu hajawahi kupimwa presha toka azaliwe. Bima hakuwa nayo. Ile CHF iliyoboreshwa ya 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, kila mwaka alisema atakata chai ikilipa vizuri. Sasa anaburuza mguu, na ukoo mzima tunachangishana.

Nilirudi Mbeya na hofu. Kesho yake nikachukua kadi nikaenda kituo kimoja hapa mjini, nikamwambia karani wa bima nimekuja kufanya chekapu. Akauliza, "Unaumwa nini?" Nikasema siumwi. Akanijibu, "Bima hailipii chekapu, mama. Chekapu ni hela mkononi." Dada mmoja nyuma yangu akaninong'oneza niseme kichwa na tumbo vinauma, nitapimwa vyote. Nikaona aibu, nikaondoka.

Njiani, karibu na Kabwe, nikakuta watu wamekaa chini ya mwavuli na mashine ya kupima mwili mzima kwa 10,000. Nikashika kichuma kwa dakika moja, kikatoka kikaratasi kirefu: ini limechoka, figo zina sumu, kizazi kina uchafu. Nikauziwa chupa mbili za vidonge kwa 130,000. Ilikuwa hela ya belo. Wiki mbili sasa nameza, mabadiliko niliyoyaona ni kuharisha tu. Nawaza zilizobaki nimpelekee mama mkwe kule Tukuyu, maana analalamika nyayo zinawaka moto usiku.

Baba watoto ndiye kichwa kigumu. Namwambia akapime, ananijibu anayetafuta ugonjwa huupata. Kitambi kimeota, usiku anaamka kukojoa mara tatu, wikiendi kimpumu hakimpiti. Siku moja akiwa kalewa alisema wakishachukua damu "watapima na yale mengine". Nikanyamaza, kwa sababu na mimi niliogopa.

Je, nidanganye ili nipimwe? Mtu mzima asiyeumwa anatakiwa kupima nini hasa? Na huyu mwalimu wangu nimfanyeje?

Mama wa Watatu, Mbeya

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa shemeji yako, na pole kwa hela ya belo. Tutaifikia.

Tuanze na dirishani. Karani yule hakukudanganya, ila hakukusaidia. NHIF iliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 ikaanza kazi 2001, na malipo yake yanakwenda hivi: daktari anakuona, anaandika alichokiona au alichokishuku, anaandika kipimo, anaandika dawa, wewe unasaini fomu, kituo kinapeleka madai. Kila kinacholipwa kinatakiwa kiegemee maandishi ya daktari. Sasa ukisema "chekapu", anachokiona karani kichwani ni kile kifurushi kilichobandikwa ukutani na bei yake, damu, mkojo, ultrasaundi na picha ya kifua kwa pamoja. Kwenye fomu ya bima hakina pa kukaa. Lakini kipimo cha sukari alichokiandika daktari kwa sababu iliyo mbele yake kina pa kukaa, siku zote.

Kwa hiyo ukifika dirishani usipeleke lile neno. Sema "nataka kumwona daktari", basi, halafu sababu zako mpelekee daktari. Na unazo, hujui tu kwamba ni sababu.

Wenzetu wengine wamelipanga vingine. Uingereza mtu wa miaka 40 hadi 74 asiye na ugonjwa unaojulikana huitwa kupimwa moyo, sukari na figo kila baada ya miaka 5. Anaalikwa kama anayealikwa harusini. Hapa hakuna wa kukualika.

Kuhusu uongo. Dada yule wa kwenye foleni nia yake ilikuwa njema, na wala si wa kwanza. Miaka niliyokaa wodini na kwenye vyumba vya wagonjwa wa nje nimewapokea sana hawa wa "kichwa na tumbo". Kinachowapata ni hiki: anapimwa malaria, anapimwa mkojo, anapewa dawa ya maumivu na ya minyoo, saa tano yuko nje. Sukari hakupimwa, kwa sababu hakusema kitu kinachoelekea kwenye sukari. Ameondoka na mfuko wa dawa za ugonjwa asiokuwa nao, na faili limeandikwa kichwa. Mwaka kesho kichwa kikiuma kweli, daktari atasoma kwamba ndiyo kawaida yake. Huo uongo unakunyima kilekile ulichokifuata, achilia mbali kwamba ni fedha ya wanachama wenzako.

Sasa ukweli wako wewe. Hapa nitakukatisha kidogo: kiharusi cha shemeji si sababu yako. Yule si damu yako, ni damu ya mumeo. Cha kwako ni umri wako, wazazi wako, na mimba zako. Mama yako au baba yako ana presha au sukari? Katika mimba tatu, kuna uliyovimba miguu na uso ukaambiwa presha imepanda? Kuna mtoto aliyezaliwa na kilo 4 au zaidi? Hayo watu huyasahau wakishanyonyesha, lakini mwanamke aliyepata presha au sukari ya mimba ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuyapata tena baadaye, mimba ikiwa haipo. Mwambie daktari bila kupamba.

Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, Ruanda au Kiwanjampaka au popote, usikimbilie Hospitali ya Rufaa ya Kanda kwa jambo hili. Kule ni kwa barua ya rufaa na foleni yake unaijua. Nenda katikati ya wiki, asubuhi, bila kula chochote toka usiku, maji ruksa. Beba kadi na kitambulisho cha taifa. Na fomu ya bima usaini ukishapata huduma, baada ya kusoma kilichoandikwa. Ikiletwa tupu, irudishe ijazwe kwanza.

Presha utapimwa kabla hata hujamwona daktari, na hapo ndipo ninapotaka uwe mkali, maana hupimwa ovyo kuliko kipimo kingine chochote ninachokijua. Umepanda kilima, umegombana na kondakta, umefika unahema, mtu anakufunga mkanda juu ya sweta (baridi ya Mbeya nayo!) huku anakuuliza namba ya simu. Hiyo si presha yako. Omba ukae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono mtupu juu ya meza, kibofu kitupu, na kahawa usiwe umeinywa ndani ya nusu saa. Chini ya 120 kwa 80 ni nzuri. Ikifika 140 kwa 90 au kuzidi, usilie wala usimeze dawa ya jirani. Rudi siku nyingine ipimwe tena, kwa sababu isipokuwa imepanda vibaya sana, hatumwiti mtu mgonjwa wa presha kwa kipimo cha siku moja. Presha haiumi, mwanangu. Ndiyo maana shemeji alichuma chai nayo.

Sukari ukiwa hujala kwa saa 8: chini ya 6.1 uko salama, 7.0 na kuendelea ni kisukari kikithibitishwa na kipimo cha pili, na katikati hapo ndipo penye thamani kuliko pote, kwa sababu bado unaweza kurudi nyuma kwa miguu yako na sahani yako. Mkojo unaangaliwa kama una protini, kwa ajili ya figo. Uzito, na kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Mafuta ya damu daktari ataamua baada ya kuona haya mengine. Ukishafika 40 macho nayo yapimwe, meno unayajua mwenyewe.

Halafu kuna kile ambacho wanawake wa rika lako mnakikwepa. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na uchunguzi wake kwa wenye miaka 30 hadi 50 katika vituo vya serikali hutolewa bure, kadi au bila kadi. Wanapaka siki, ndiyo, siki ya kawaida iliyopunguzwa makali, wanasubiri kidogo, penye tatizo panageuka peupe. Majibu unapewa ukiwa bado kitandani, na doa dogo linaweza kutibiwa siku hiyohiyo. Anayeishi na VVU huanza mapema zaidi na hurudi mara nyingi zaidi.

Nikuungamie jambo. Mimi mwenyewe, nesi, niliyewahimiza mamia ya wanawake kupanda kile kitanda, nilikipanda nikiwa na miaka 49. Kila mpimaji nilikuwa namfahamu, mwingine nilimfundisha kazi, nikawa naona aibu nitawatazamaje kwenye chai ya saa nne. Hakuna aliyenikumbuka hata kesho yake. Na kama una binti wa miaka 9 hadi 14, ile chanjo ya HPV inayokinga saratani hiyo, iliyoanza kutolewa nchini 2018, nayo ni bure.

Matiti jichunguze, na ukiona uvimbe au chuchu inavutwa ndani nenda siku hiyo.

Sasa watu wa mwavuli. Sitakucheka, maana nimeona maprofesa wamekishika kile kichuma. Ngozi ya kiganja inapitisha umeme kidogo. Ikiwa na jasho inapitisha zaidi, ikiwa kavu inapunguza. Hicho ndicho mashine ile inachokipima, jasho lako. Ini halina waya wa kuja kiganjani. Ugonjwa wa ini unaonekana kwenye damu na ultrasaundi, wa figo kwenye damu na mkojo. Na "uchafu kwenye kizazi" si ugonjwa ulioko kwenye kitabu chochote nilichosomea. Ni neno la sokoni, limetungwa kwa ajili ya wanawake kwa sababu sisi ndio tunaoogopeshwa kirahisi kwa habari ya kizazi. Angalia pia kwamba anayekupima ndiye anayekuuzia dawa, na hakuna anayeshika kile kichuma akaambiwa mzima, nenda nyumbani. Acha kumeza vidonge hivyo leo. Ukienda kwa daktari nenda na chupa, aone umekuwa ukinywa nini, na mwambie kuhusu kuharisha. Ile 130,000 imekwenda, mwanangu.

Tuje kwa mwalimu. Yeye ndiye mwenye sababu nyingi kuliko wewe, hata kama anajiona mzima. Ndugu wa tumbo moja kapata kiharusi akiwa na miaka 52, na presha hutembea kwenye damu. Kitambi. Kimpumu. Na kukojoa mara tatu usiku, mtu wa miaka 47! Inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa tezi dume limeanza, inaweza kuwa ni kimpumu chenyewe kinatafuta njia. Kila kimoja kina namna yake ya kuchunguzwa, na akilieleza hilo kwa daktari hakuna karani wa kumuuliza anaumwa nini.

Mkumbushe hesabu, ni mwalimu. Kila mwezi anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza 3. Kwa laki tisa ni 27,000 kutoka kwake, 324,000 kwa mwaka, na kiasi kama hicho kutoka kwa mwajiri. Anapita mbele ya duka alilokwishalipia na kukataa kuingia.

Ila hesabu haitamtoa, kwa sababu shida yake haiko kwenye hesabu. Iko kwenye "yale mengine". Alichokisema akiwa amelewa ndicho anachokiwaza akiwa mkavu, na wewe umeniandikia kwa ukweli kwamba na wewe uliogopa. Tuongee kikubwa. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023, watu wazima wanaoishi na VVU walikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 hapa Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Huku kwetu hofu hiyo si ya kijinga, na mtu akiwa nayo si ushahidi wa chochote. Lakini amekosea jambo moja: damu ya sukari haigeuzwi kwa siri kuwa damu ya VVU. Kipimo cha VVU unaulizwa, unakubali au unakataa, na majibu ni yako. Mwambie hivyo, kwa maneno hayohayo, bila kumkodolea macho. Asipotaka kupimwa na mtu, toka sheria ilipobadilishwa mwaka 2019 inaruhusiwa kujipima mwenyewe kwa kitepe cha mate, ulizeni kituoni. Kikionyesha maambukizi ndipo anakwenda kuthibitisha. Kupima na dawa zake ni bure, havihusiani na kadi. Na mtu anayemeza dawa vizuri mpaka virusi havionekani kwenye damu hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Ningependa mpime wote wawili siku moja. Ukimtaka apime peke yake, huo umeshakuwa mtego, na hata mimi ningeukwepa.

Namna ya kumpeleka: usimpeleke. Mwombe akusindikize. Mwambie unaenda kwenye uchunguzi wa kizazi na unaogopa, ambalo nadhani si uongo. Wakati mnasubiri, mkanda wa presha upo mezani na nesi yeyote mwenye akili atamuuliza, "Na baba je?" Wanaume wengi nimewafunga mkanda kwa njia hiyo. Akishindikana kabisa, subiri Nane Nane. Viwanja vya John Mwakangale mara nyingi hukosi banda la kupima presha na sukari, na mwanaume anayeogopa hospitali huwa haogopi maonyesho. Likizo ya Juni ikifika hatakuwa na kisingizio cha vipindi.

Akikutwa na presha atakwambia dawa ukianza huachi. Ni kweli, wengi hawaachi. Kaka yake naye ule mguu hataacha kuuburuza.

Nimebakiza jambo ulilolipitia juu juu, nami nimelisoma mara mbili. Mama mkwe, nyayo zinawaka moto usiku. Mwanae mmoja ana presha ya 210, mwingine anaamka kukojoa mara tatu, na mama mwenyewe nyayo zinawaka. Nyayo kuwaka kuna sababu nyingi, lakini kwa mama wa umri ule mimi ningeanza na sukari, na ningeanza wiki hii, kabla ya wewe na kabla ya mwalimu. Mtu amvue viatu na kumwangalia vidole kama kuna kidonda asichokisikia, maana mguu uliokufa ganzi hukanyaga kaa la moto usijue. Asiuloweke kwenye maji ya moto, najua huko kwenye baridi ndiyo dawa ya kwanza.

Na umesema kadi mko watano. Mwanachama wa ajira anaruhusiwa mwenza na wategemezi wengine wanne, wakiwemo wazazi. Watoto wenu ni watatu. Nafasi ya sita iko tupu, mwanangu, mama yake mwalimu anaweza kukaa hapo. Mwalimu aulize kwa ofisa utumishi wake wanahitaji karatasi gani. Wakati hiyo inashughulikiwa, kipimo cha sukari cha kidoleni mkilipie tu mfukoni. Mpelekeeni na viatu vya kufunika vidole. Zile chupa usimpelekee.

Shangazi Nesi